Mchupo wa Kozi

Mwewe akishuka uani na kuondoka na kifaranga, tunasema amenyakua. Kitenzi hicho kinatosha kwa mwisho wa tendo, kucha zinaposhika windo. Kinachotangulia hakina jina lililokubalika: kozi yuko juu sana, anamwona njiwa chini yake, anakunja mabawa na kujiachia. Wafuga kozi wa Uingereza huliita tendo hilo stoop. Sisi tuliite nini?

Wapo wanaoandika "kupiga mbizi". Lakini mpiga mbizi huzama, na sifa yake ni kudumu chini ya maji. Kozi hazami popote. "Kuporomoka" kunabeba kimo na kasi, ila ni neno la mawe na la bei. Kinachoporomoka hakina hiari.

Na hiari ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kozi aitwaye kitaalamu Falco peregrinus hushuka kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Frightful, kozi jike aliyefunzwa na Ken Franklin wa Marekani, alipimwa akifikia kilomita 389. Katika kasi hiyo bado anajiongoza. Mwaka 2000 Vance Tucker alionyesha kwamba jicho la kozi huona vizuri zaidi kwa upande kuliko mbele. Akigeuza kichwa ili atazame windo, upepo humkwamisha; kwa hiyo hunyoosha kichwa na kushuka kwa njia ya mzunguko, windo likibaki pale jicho linapoona vyema. Mwaka 2018 watafiti waliotumia kompyuta kuiga mashambulizi yake waligundua faida nyingine ya kasi: hewa ipitayo kwa nguvu kwenye mabawa humwezesha kukata kona kali, hata njiwa mwepesi wa kukwepa asipate nafasi. Tendo hili, basi, ni la kuongozwa tangu juu hadi windo lipigwe.

Ndiyo maana ninapendekeza "kuchupa". Vijana wa Forodhani, Unguja, wanaocheza makachu hutoka mbio na kujirusha baharini kutoka ukutani. Hao wanachupa. Anayechupa huchagua wakati wake, huuweka mwili sawa, na anajua anakokwenda. Kimo kimo ndani ya neno, kasi imo, na hiari imo.

Yupo atakayesema kuchupa huanzia mahali pa kukanyaga, ilhali kozi yuko hewani. Lakini kozi aliyefunzwa huzunguka juu ya mfugaji wake akingoja windo liinuliwe, na hewa ile ndiyo ukuta wake. Mwingine ataleta "kuchupa mipaka". Maana hiyo ibaki; kitenzi kimoja hubeba maana kadhaa, na sentensi huzitenganisha bila taabu.

Neno likikubalika, nomino yake ni mchupo, wingi michupo, na kamusi ya ndege inaweza kuandika hivi:

Kuchupa: (kwa kozi) kukunja mabawa kutoka juu angani na kushuka kwa kasi kubwa huku ukijiongoza, ili kupiga windo. Mfano: Mfugaji alizungusha chambo chake cha manyoya, na kozi aliyekuwa akingoja juu akachupa.