Kompyuta huanza na alama ipi? Ngazi za opereta katika lugha ya C

Wastani wa 70, 80 na 90 ni 80. Hata hivyo, anayeanza kujifunza kuandika programu kwa lugha ya C akiandika 70 + 80 + 90 / 3, kompyuta itampa 180, wala haitamwonya kwamba pana kasoro.

Kompyuta haijakosea. Imeigawanya 90 kwa 3 kwanza, ikapata 30, ndipo ikajumlisha. Mwandishi alikusudia (70 + 80 + 90) / 3, lakini mashine haisomi makusudio. Inasoma alama zilizoandikwa, kwa kufuata kanuni inayoeleza ipi itangulie. Alama hizo za kutendea, kama vile +, * na ==, huitwa opereta, na kila moja imepewa ngazi yake. Yenye ngazi ya juu hushika namba zilizo ubavuni mwake kabla ya yenye ngazi ya chini.

MAGAZIJUTO haitoshi

Waliosoma hesabu kwa Kiswahili nchini Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Ni msaada mzuri, ila ukifuatwa neno kwa neno hupotosha. Katika C, kuzidisha na kugawanya vimo katika ngazi moja, na kujumlisha na kutoa vimo katika ngazi moja. Zikikutana alama za ngazi moja kati ya hizi, kazi huendeshwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 10 - 3 + 2 ni 9, si 5.

Tofauti hiyo huweza kugusa fedha. Asilimia 7 ya 50,000 huandikwa 50000 * 7 / 100, na C hutoa 3500. Lau kugawanya kungetangulia, 7 / 100 ingekuwa sifuri, kwani C ikigawanya namba nzima kwa namba nzima hutupa sehemu inayobaki. Na riba yote ingeyeyuka.

Au chukua programu ya kukokotoa fedha zinazotumwa nyumbani. Mtumaji ana riyal 100, ada ni riyal 2, na tuseme kila riyal hubadilishwa kwa shilingi 300. Mstari usemao 100 - 2 * 300 hutoa hasi 500, ilhali (100 - 2) * 300 hutoa 29400. Kosa la aina hii ni afadhali, kwa kuwa jibu lenyewe linajitangaza. Ya kuogopwa ni yale yanayonyamaza.

Alama iliyoachwa mahali pake pa zamani

Dennis Ritchie aliibuni C katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiijenga juu ya lugha iliyoitwa B. Katika B, alama & ilifanya kazi mbili: kulinganisha biti za namba mbili, na kuunganisha masharti mawili kwa maana ya "na". Kwa ajili ya kazi hii ya pili ilifaa iwe chini ya ==, ili kila sharti lipimwe kwanza.

Baadaye C ikapata alama ya pekee ya kuunganisha masharti, yaani &&. Alama & ikabakiwa na kazi ya biti tu, lakini haikupandishwa ngazi, kwa sababu tayari zilikuwapo programu zilizoandikwa kwa mpangilio wa zamani. Mwaka 1993 Ritchie mwenyewe aliandika kwamba ingekuwa bora kama ngazi hizo zingebadilishwa.

Madhara yake yanaonekana katika ruhusa za mafaili kwenye mfumo wa Unix, ambako 4 ni ruhusa ya kusoma na 1 ni ruhusa ya kuendesha programu. Mwanafunzi anayetaka kujua kama faili linasomeka huandika:

if (ruhusa & 4 == 4)

C hutanguliza 4 == 4, ambayo ni kweli, yaani 1. Kisha hupima ruhusa & 1. Mwenye ruhusa ya kusoma pekee hukataliwa, na asiyekuwa nayo, mradi ana ile ya kuendesha, hupitishwa. Kilichotakiwa ni (ruhusa & 4) == 4. Kompaila nyingi za leo hutoa onyo zikiombwa, lakini wanaoanza aghalabu hawaombi.

Mabano yaliyoficha hila

Mabano nayo si salama daima. Novemba 2003, mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili katika nakala moja ya msimbo wa kiini cha Linux. Ndani yake mlikuwa na (current->uid = 0), ikifuata alama ya &&. Kwa jicho la haraka ilionekana kuuliza kama mtumiaji ni namba sifuri, yaani mkuu wa mfumo. Lakini = moja haiulizi, bali hupachika: ingemfanya mtumiaji yeyote kuwa mkuu.

Alama = iko karibu na chini kabisa ya ngazi za C. Bila ya mabano, kompaila ingeukataa mstari huo. Mabano ndiyo yaliyoupa uhalali. Hila iligunduliwa kwa sababu nakala ile haikulingana na hazina kuu ya msimbo, ambamo haikuingia kamwe.

Lugha nyingine zilichagua njia zake. Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina ngazi tano tu za opereta zinazounganisha thamani mbili, na & imewekwa pamoja na kuzidisha. Python pia imeiweka & juu ya ==. Smalltalk haina ngazi baina ya alama za hesabu: 2 + 3 * 4 ni 20. Anayehama kutoka Excel kwenda Python naye ana la kuangalia: -2^2 katika Excel ni 4, bali -2**2 katika Python ni hasi 4.