Kinachomaliza Betri ya Kengele ya Moto ni Kusubiri

Muulize mtu yeyote nini kinamaliza betri ya kengele ya moto, atakwambia ving'ora. Kumbe sivyo. Kinachoimaliza zaidi ni kusubiri.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1852 mji wa Boston, Marekani, ulianza kutumia telegrafu ya kutangaza moto, kazi ya daktari William Channing na mhandisi Moses Farmer. Unazungusha mkono wa boksi mtaani, namba ya boksi inafika kituo kikuu, kengele zinagongwa. Umeme wa gridi haukuwepo, hivyo betri haikuwa akiba ya chochote. Ndiyo ilikuwa umeme wenyewe. Katika mifumo mingi ya aina hii iliyofuata, mkondo uliachwa upite kwenye waya usiku na mchana, ili waya ukikatika kituoni wajue. Wazo zuri, ila lina gharama: betri inaliwa hata mji ukiwa umelala salama.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akatengeneza betri ya risasi na asidi, inayochajika tena. Gridi ilipoenea, betri ikawa ya akiba, na swali likawa: ihimili muda gani? Kiwango cha Marekani, NFPA 72, kwa kawaida kinataka saa 24 za kusubiri, kisha dakika 5 za kulia (15 kama mfumo unatangaza kwa sauti).

Sasa tupige hesabu. Tuseme mfumo ukisubiri unakula ampea 0.3, ukilia ampea 2. Kusubiri: 0.3 × 24 = ampea-saa 7.2. Kulia dakika 5: kama 0.17 tu! Jumla 7.37. Tena mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha kuwa betri ya risasi ukiinyonya haraka inatoa pungufu, na betri zote huzeeka. Basi ongeza asilimia 20, unapata 8.8.

Fundi akifunga betri ya 7, ikiwa mpya kabisa itakata pumzi baada ya saa 23 hivi. Umeme ukakatika Jumamosi saa sita mchana, moto ukazuka Jumapili muda kama huo, jengo litakuwa kimya. Na msidanganyike na betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo: volti zinakuwa 24, ampea-saa zinabaki zilezile 7.

Kuna dhana nyingine imejificha humo. Kiwango hicho kinaipa chaja hadi saa 48 kujaza betri iliyokwisha. Yaani kinategemea gridi isiyokatika mara kwa mara. Penye mgao wa kila siku, betri inaingia kwenye giza la leo kabla haijapona la jana, na namba 8.8 ya kwenye karatasi haipo tena ndani ya boksi. Hapo mimi ningeweka kubwa zaidi, pamoja na chaja yenye nguvu ya kuijaza.