Mikumi: Mbuga, Njia na Majirani

Kusini na mashariki ya mji wa Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, iko mbuga ya taifa ya Mikumi. Jina lake limetokana na mikumi, yaani miti ile ambayo watu wa pwani huiita mivumo. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1975 mipaka yake ikapanuliwa, na leo eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa huipasua kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, na aghalabu huona twiga na pundamilia asiposhuka hata garini. Lakini mbuga aionayo leo siyo ile ya mwaka 1964. Habari za mabadiliko yake zaweza kusomwa katika njia zilizoipitia, na vilevile katika maneno ambayo wakulima wa Masanze na wa vijiji vingine vya Kilosa wamelazimika kuyazoea.

Yafaa kuanza na neno mbuga lenyewe. Asili yake ni uwanda wa majani, hasa wenye udongo mweusi unaotuamisha maji wakati wa masika. Kwa maana hiyo uwanda wa mto Mkata, ulio moyo wa Mikumi, ulikuwa mbuga karne nyingi kabla ya kuwekwa mpaka wowote. Neno nyama nalo, katika Kiswahili cha zamani, lilikuwa na maana mbili kwa pamoja: kiumbe cha mwituni, na kitoweo. Wasagara na Wavidunda waliokaa katika nchi hii walilima na kuwinda, na kwao mambo hayo mawili hayakuwa mbalimbali.

Zamani za Wadachi, na baadaye za Waingereza, zilitungwa sheria za uwindaji, na afisa aliyezisimamia wananchi wakamwita bwana nyama. Jina hilo lilieleza hali halisi: nyama sasa alikuwa na bwana. Aliyewinda bila ya kibali hakuitwa tena mwindaji, bali jangili.

Hata hivyo, si jangili wa kijijini aliyewatisha wanyama wa Mkata kuliko wote. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa ilipofunguliwa katika miaka ya 1950, uwanda ambao hapo kwanza ulikuwa mgumu kufikika ulifunguka kwa wawindaji wenye magari na bunduki, nao waliua wanyama kwa wingi. Ndipo ilipoonekana haja ya kuuhifadhi. Mwezi wa Septemba, 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba nchi iliyokuwa karibu kupata uhuru inachukua dhamana ya kuwalinda wanyama wake. Miaka mitatu baadaye Mikumi ikawa mbuga ya taifa. Tangu hapo neno mbuga likapata maana mpya katika vinywa vya watu: halikuwa tena jina la aina ya ardhi tu, bali la ardhi yenye mpaka.

Barabara iliyosababisha mbuga kuanzishwa haikuiacha itulie. Mwezi wa Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikahitaji njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba yake. Malori yakamiminika katika njia ya Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia hiyo ikatiwa lami. Lami ilileta wageni na wanafunzi wa shule kutoka Dar es Salaam, hata Mikumi ikawa mahali ambapo Watanzania wengi walimwona tembo kwa mara ya kwanza. Lakini iliongeza pia mwendo wa magari, na wanyama wengi wakagongwa, hasa usiku. Matuta na vibao vya faini vinavyoonekana leo ni jitihada za kupatanisha mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi.

Hatari nyingine ilitokana na biashara ya pembe. Katika eneo lote la Selous na Mikumi, hesabu ya mwaka 1976 ilionyesha tembo zaidi ya 100,000. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Tembo wakaongezeka, kisha ujangili ukarudi, na hesabu ya mwaka 2013 haikupata ila 13,000 hivi.

Katika miaka ileile ya mwisho wa karne, maneno yalianza kulainika. Shirika la Hifadhi za Taifa lilianza mwaka 1988 mpango uliokuja kuitwa ujirani mwema, ili vijiji vipate shule, zahanati na visima kutokana na mapato ya hifadhi. Bwana nyama alikuwa ametoweka. Sasa palikuwa na jirani. Lakini ujirani hupimwa wakati wa msiba. Tembo wakiingia katika shamba la mahindi kwa usiku mmoja, kazi ya mwaka mzima hupotea. Kanuni za mwaka 2011 zilimpa mkulima wa namna hiyo kifuta jasho, na jamaa za aliyeuawa zikapewa kifuta machozi, shilingi 1,000,000. Maneno haya ni ya upole, nayo yatazamwe vizuri. Fidia ni neno la deni: anayelipa amekiri kwamba anadaiwa. Kifuta machozi ni neno la huruma: anayetoa ametoa kwa hiari yake. Serikali ilichagua la pili, wala haikuficha kwamba malipo hayo si fidia.

Mwezi wa Julai, 2024, treni mpya ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ikipitia Kilosa, na mtalii akapata njia nyingine ya kufikia Mikumi. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilivunja mradi wa REGROW, uliokuwa na dola milioni 150 kwa Mikumi na hifadhi nyingine za kusini, baada ya malalamiko ya watu wa kando ya Ruaha. Mambo hayo mawili yanatoa fundisho moja. Njia za kuwafikisha wageni mbugani zimekuwa bora kila baada ya miongo michache. Njia ya kumfikishia jirani haki yake haijapata fundi wa namna hiyo. Siku mkulima wa Masanze atakapokuwa na neno la kudai, badala ya neno la kupokea tu, ndipo ujirani mwema utakapotimiza maana ya jina lake.