Nyumba ya majirani: historia ya Hull House katika mji wa Chicago

Ninyi mnaokaa mijini mnajua mambo haya. Mtu anatoka kijijini kwao, anafika mjini kutafuta kazi. Kwao kila mtu alimjua yeye na baba yake. Mjini hakuna anayemjua. Anapanga chumba kimoja pamoja na mke na watoto. Maji ni mbali, takataka imejaa mlangoni, watoto wanazunguka njiani kutwa kwa sababu baba na mama wako kazini. Halafu wenye nyumba nzuri wanapita, wanatikisa kichwa na kusema: mtaa huu umekwisha kuharibika, hauna dawa.

Leo tutasimulia habari ya mtaa mmoja uliosemwa hivyo, na ya nyumba iliyofunguliwa katikati yake. Habari hii ina furaha ndani yake, ina uchungu pia. Tutaieleza yote, maana mwenye kutaka kujenga lazima ajue pia namna nyumba zinavyobomoka.

Mji uliokua upesi

Mji wa Chicago uko Marekani, kando ya ziwa kubwa Michigan. Mwaka 1870 ulikuwa na watu karibu 300,000. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji, lakini wakaaji wake walijenga tena, na mwaka 1890 watu walikwisha kupita milioni moja. Walitoka wapi? Wengi walivuka bahari: Wataliani, Wadachi, Wagriki, Wairlandi, Wabohemia, Wayahudi wa Poland na wa Urusi. Walikuja kufanya kazi katika viwanda, katika machinjio ya nyama na katika njia za gari la moshi.

Karibu na barabara ya Halsted, katika kata ya 19, watu wa mataifa hayo yote walibanana katika nyumba za mbao. Nyumba nyingi hazikuwa na bomba la maji ndani. Katika vyumba vilevile walivyolala, akina mama na watoto walishona nguo za matajiri wa viwanda mpaka usiku, kwa malipo madogo sana. Mbele ya nyumba palikuwa na masanduku makubwa ya mbao ya kutia takataka. Yalijaa mpaka kumwagika, na watoto walicheza juu yake.

Mabibi wawili wanahamia

Jane Addams alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Cedarville, mkoa wa Illinois. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena alikuwa mjumbe katika baraza la mkoa. Mama yake alikufa mtoto akiwa na miaka miwili tu. Jane alisoma sana, lakini alipomaliza masomo hakujua afanye nini na elimu yake. Alisafiri katika Ulaya. Usiku mmoja wa mwaka 1883, mjini London, aliona watu masikini wakinyosha mikono kununua mboga zilizoanza kuoza. Ile mikono hakuisahau tena maisha yake yote.

Mwaka 1888 alirudi London, akatembelea Toynbee Hall. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1884 na mchungaji Samuel Barnett pamoja na mke wake Henrietta. Vijana waliosoma katika vyuo vikubwa walikaa humo, katikati ya masikini, ili wawe majirani zao. Jane aliona kwamba neno hili linaweza kufanyika kwao pia.

Alikuwa na rafiki, Ellen Gates Starr, aliyesoma naye shuleni. Wawili hao walitafuta nyumba katika Chicago, wakaipata ile iliyojengwa mwaka 1856 na Bwana Charles Hull. Zamani ilikuwa nje ya mji; sasa mji ulikuwa umeizunguka. Upande mmoja palikuwa na duka la pombe, upande wa pili fundi wa kuzika maiti. Tarehe 18 Septemba 1889 walihamia. Mwanzo walipanga sehemu tu ya nyumba; mwaka uliofuata Bibi Helen Culver, aliyerisi mali ya Hull, aliwaachia nyumba nzima bila kulipa.

Usiku wa kwanza, kwa furaha na kuchoka, walisahau kufunga mlango wa upande wa njia. Asubuhi waliukuta wazi kabisa. Hakuna mtu aliyeingia, hakuna kitu kilichopotea. Ule mtaa ambao wengine waliuogopa uliwapokea vema kuliko walivyotazamia.

Kusikiliza kwanza

Walianza na mambo gani? Bibi Starr alipenda vitabu na picha nzuri, basi walianza kusoma pamoja na majirani. Lakini majirani walileta haja nyingine. Katika siku za kwanza walikutana na watoto watatu vilema. Mmoja alianguka dirishani, orofa ya tatu. Wa pili aliungua moto. Wa tatu mgongo wake ulipindika, maana kwa muda wa miaka mitatu alifungwa kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni, mpaka kaka yake alipokuja mbio saa sita kutoka kiwandani kula pamoja naye. Mama zao hawakuwa wabaya. Walikuwa kazini, nao hawakuwa na mtu wa kuwaachia watoto. Ndiyo sababu nyumba ilifungua shule ya watoto wadogo na pahali pa kuwalinda mchana.

Noeli ya kwanza waliwapa wasichana wadogo pipi, nao wakazikataa. Kumbe wasichana hao walifanya kazi katika kiwanda cha pipi tangu saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, hata kuziona hawakutaka tena. Wale mabibi waliona haya: walitaka kuwafurahisha watoto, wala hawakujua maisha yao.

Walikosa mara nyingine pia. Mwaka 1893 walifungua jiko la kuuza chakula cha afya, kilichopimwa sawasawa na mafundisho ya wataalamu. Majirani walikionja, kisha wakarudi kwenye vyakula vyao walivyovizoea tangu utoto. Wataliani walitaka cha kwao, Wagriki cha kwao. Basi pahali pa kunywa kahawa pakawa na faida kuliko jiko lile, maana watu walikuja kukaa na kuzungumza, na wengi walipata pahali pa kukutana pasipokuwa na pombe.

Katika mwaka wa pili watu karibu 2,000 waliingia mlangoni kila juma. Kulikuwa na madarasa ya luga na ya kushona, nyumba ya picha, nyumba ya michezo ya mwili, vyama vya vijana na vya akina mama. Ilipofika mwaka 1907 yale majengo yalikuwa 13.

Kutoka ndani ya nyumba mpaka njiani

Hapa tunafika kwenye neno kubwa la historia hii. Nyumba nzuri peke yake haiponyi mtaa. Mtoto akitoka darasani na kurudi kwenye takataka ileile, atapata faida gani?

Katika mwaka 1894 akina mama 12 wa chama cha nyumba ile walizunguka vichochoro jioni, baada ya kazi zao za nyumbani, wakiandika kila kosa waliloona. Katika miezi miwili walipeleka kwa wakubwa wa afya makosa 1,037. Mambo yalibadilika kidogo tu. Mwaka 1895 Jane Addams aliomba yeye mwenyewe kazi ya kuondoa takataka katika kata ile. Ombi lake lilikataliwa, lakini meya alimweka kuwa mkaguzi wa takataka, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Akaamka saa kumi na mbili asubuhi, akafuata magari ya takataka njia kwa njia. Pahali pamoja walipochimba uchafu walikuta sakafu ya barabara, nusu mita hivi chini yake. Wakaaji walikuwa wamesahau kwamba iko. Kata iliyokuwa ya tatu katika mji kwa wingi wa vifo ilishuka mpaka ya saba.

Tajiri mmoja alikuwa na nyumba mbovu katika mtaa ule, nao wakamsema hadharani. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kutoa kiwanja. Nyumba zile zikabomolewa, na pahali pale pakawa uwanja wa watoto, wa kwanza wa namna ile katika Chicago.

Mwaka 1891 Florence Kelley alikuja kukaa nao. Alichunguza kazi ya kushona nyumbani na kazi ya watoto. Mwaka 1893 mkoa wa Illinois ulitoa sheria: mtoto chini ya miaka 14 asifanye kazi kiwandani, na mwanamke asipitishe saa nane kwa siku. Kelley mwenyewe akawekwa kuwa mkaguzi mkuu. Mwaka 1895 mahakama kuu ya mkoa iliivunja sehemu ya saa nane. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa, na sheria nyingine zilifuata. Mwaka 1899 Chicago ikapata mahakama ya watoto, ya kwanza katika Marekani, ili mtoto aliyekosa asitupwe pamoja na wakubwa.

Wakati walipotaka sheria ile, mtu alikuja na habari kwamba wenye viwanda wangetoa dola 50,000 kwa kazi za nyumba, kama wakaaji wake wangeacha matata yale. Jane Addams alikataa. Mara nyingine mtu alitaka kutoa dola 20,000 kwa kujenga nyumba ya wasichana wafanyakazi. Alijulikana kwa kuwalipa vibaya wasichana wa kazi yake mwenyewe. Feza yake ilikataliwa vilevile. Yafaa tuwaze: nyumba ya watu ikijengwa kwa jasho walilonyimwa watu walewale, itakuwa nyumba ya nani?

Heshima ya wazazi

Hatari moja ilionekana polepole. Watoto walijifunza desturi za Marekani, wakaanza kuwazarau wazazi wao waliosema luga ya kwao na kufunga kitambaa kichwani. Basi mwaka 1900 nyumba ilifungua pahali ambapo wazee walionyesha kazi za mikono yao: kusokota nyuzi, kufuma, kufinyanga. Msichana mmoja Mtaliani alikuwa akipita mlango mwingine ili asionekane na mama yake. Siku moja alisikia wageni wakisifu namna mama yule anavyosokota. Tangu siku ile waliingia kwa mlango mmoja.

Mwisho wenye uchungu

Mwaka 1920 Ellen Gates Starr aliingia katika Kanisa Katolika, na miaka yake ya mwisho aliimaliza katika nyumba ya watawa. Alikufa mwaka 1940. Jane Addams alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 1931, akafa mwaka 1935.

Mwaka 1961 wakubwa wa mji, chini ya meya Richard J. Daley, waliamua kwamba chuo kikuu cha Illinois kijengwe palepale katika mtaa ule. Wakaaji walikuwa wametumaini kwamba mtaa wao utatengenezwa. Sasa walisikia utabomolewa. Florence Scala, binti wa Mtaliani, aliyelelewa katika vyama vya nyumba ile, aliwaongoza akina mama kwenda kwa meya na kukaa chini katika ofisi yake. Walishtaki mpaka mahakama ya juu ya Marekani, wakashindwa. Tena wakubwa wa Hull House wenyewe walikubali kuuza majengo yao. Mwaka 1963 yakabomolewa. Ilibaki nyumba ya zamani ya Bwana Hull na nyumba ya kulia chakula, zikafanywa makumbusho mwaka 1967. Chama chenyewe kiliendelea kusaidia watu katika mitaa mingine, kikitegemea sana feza ya serikali, hata Januari 2012 kilipofunga milango kwa sababu ya madeni.

Je, kazi ile ilikuwa bure?

Hapana. Fikirini juu ya Florence Scala. Wale mabibi walikuja kumfundisha jirani kusimama. Na siku wakubwa wa nyumba walipoinama, jirani ndiye aliyesimama. Sheria za watoto zilibaki. Mahakama ya watoto ilibaki. Hata mwaka 1910 nyumba za namna ile zilikuwa karibu 400 katika Marekani.

Lakini kuna fundisho la pili, nasi tusilifiche. Wenyeji wa mtaa walipewa madarasa, vyama, uwanja na heshima. Hawakupewa hati ya kiwanja wala sauti katika baraza la nyumba. Siku ya kuuza ilipofika, waliopiga kura walikuwa watu wengine, wakaaji wa mbali.

Basi ninyi mnaotaka kujenga nyumba ya mkutano katika mtaa wenu, msiulize tu: mabati tutapata wapi, na saruji ni bei gani? Kaeni kwanza na majirani, mkasikilize. Tokeni nje, mwangalie maji na takataka. Kataeni feza inayowafunga kinywa. Tena, kabla ya kuweka jiwe la kwanza, andikeni wazi nyumba itakuwa mali ya nani, na nani watakaoketi katika baraza lake. Jina la mama anayeuza mihogo pale njiani liwe katika karatasi ile.