Mizani ya Pamba: Tarehe ya Wakulima wa Bariadi

Sapiwi ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, na fahari ya upande huu wa Usukuma iko kwenye jembe. Kulima kwa makundi ni mila ya zamani: vijana hushika mstari mmoja, ngoma ya bugobogobo ikiwapigisha mwendo, huku mashabiki wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye upinzani wa jadi, wakitambiana.

Tatizo lilianza pamba ilipotoka shambani. Enzi za Mwingereza, Bariadi ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa, bei ilipangwa na serikali. Mnunuzi aliyetaka faida zaidi hakuwa na nafasi ya kuipata kwenye bei. Aliitafuta kwenye mizani. Kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa Wahindi, ingekuwa rahisi lawama ya ratili zilizopotea igeuke chuki dhidi ya rangi ya mtu.

Wakulima walichagua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliunda vikundi, wakaajiri wapimaji wao wenyewe, wakasimama mnadani na kupima upya kila mzigo. Vikundi hivyo viliungana kuwa vyama vya msingi chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika vya kanda ya Ziwa Victoria, makao makuu Mwanza. Miaka michache baadaye lilikuwa likinunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa, na likaanza kumiliki viwanda vyake vya kuchambulia.

Sehemu kubwa ya haya ilitokea TANU, chama kilichodai uhuru, ikiwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Chama cha siasa kikifungiwa, chama cha pamba kilibaki mahali pa kukutania.

Uhuru ulipokaribia, swali la rangi lilifika bungeni. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Waziri Mkuu Nyerere alikataa katakata, akawafananisha waliotaka hivyo na akina Hitler na Verwoerd wa Afrika Kusini, na akatishia kujiuzulu pamoja na serikali yake.

Kisha mizani ikawaumbua wenyeji. Mwaka 1966 kamati ya rais ilichunguza ushirika nchini kote na kukuta ubadhirifu, uongozi mbovu na wakulima waliopunjwa. VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Safari hii makarani wa mizani walikuwa Waafrika, wengine watoto wa wakulima wale wale, na malalamiko yakawa yale yale: uzito, makato, malipo.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Soko huria la 1994 lilileta kampuni binafsi zilizogombania mzigo vijijini. Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012, na sasa inatajwa miongoni mwa vinara wa pamba nchini.

Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikaporomoka, wanunuzi wakasita, na wakulima waliokwisha kukabidhi pamba yao kwenye AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, wakakaa miezi bila malipo. Madai yao yalipitia kwa viongozi wa vyama hivyo, waliokuwa majirani zao, na yalielekezwa kwa kampuni zenye deni, mwenye kampuni awe wa asili yoyote.