Kompresa ya karakana ya nyumbani: Pima upepo kabla ya tangi

MNUNUZI wa kompresa aingiapo dukani huonyeshwa kwanza ukubwa wa tangi, kisha nguvu ya mota. Vyote viwili huvutia macho, lakini kinachoamua iwapo kazi itafanyika ni kiasi cha upepo ambacho mashine inatoa kwa dakika.

Kipimo hicho huandikwa kwa lita au kwa futi za ujazo, na futi moja ya ujazo ni takriban lita 28. Hapa ndipo wengi hupotea. Kibandiko cha mashine mara nyingi hutaja hewa inayovutwa na pampu, ilhali inayofika kwenye kifaa cha kazi ni pungufu, pengine kwa theluthi nzima. Muuzaji aulizwe upepo unaotoka, na kwa presha gani.

Kujaza matairi ya gari dogo, ambayo kwa kawaida huhitaji pauni 30 hadi 35, ni kazi ya kompresa yoyote ndogo. Spana ya upepo hudai pauni 90 hivi, lakini hutumika kwa vipindi vifupi, na tangi hupata nafasi ya kujaa tena. Anayetaka kupiga rangi magari au fenicha ndiye anayeumia akikosea, kwa kuwa bastola ya rangi hunywa upepo mfululizo.

Tuchukue bastola inayotumia lita 250 kwa dakika, na kompresa inayotoa lita 150. Pengo ni lita 100. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 hutoa lita 100 tu za hewa ya kawaida, yaani hufidia pengo hilo kwa dakika moja. Tangi la lita 100 litafidia dakika mbili, basi. Baada ya hapo presha huzidi kushuka, rangi hutoka kwa matone, na fundi husimama katikati ya mlango wa gari akisubiri.

Kuhusu umeme, mota ya nguvu ya farasi 2 hutumia takriban kilowati 1.5, kiasi ambacho soketi ya kawaida ya nyumbani hukimudu. Hata hivyo, inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi, hivyo waya mrefu na mwembamba wa kuongezea huunguza mota. Ni heri kurefusha mpira wa upepo. Pampu zisizotumia oili hazina usumbufu wa matunzo, lakini nyingi hupiga kelele na huchakaa mapema. Kwa nyumba zilizobanana, majirani nao wahesabiwe.

Lililo zito zaidi ni usalama wa tangi. Hewa ikigandamizwa huacha maji, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, na maji hayo hula chuma kwa ndani pasipo kuonekana. Yafunguliwe chini ya tangi kila baada ya kazi. Tangi kuukuu lililochomelewa kiraka halifai kununuliwa kwa bei yoyote, wala mtungi wa gesi uliounganishwa na kompresa ya friji, kwani likipasuka hurusha vipande vya chuma. Mabomba ya plastiki ya maji pia yasitumike kusafirishia upepo, na vali ya usalama isizibwe kamwe, hata ikivuja, ibadilishwe.