Kukosa choo kwa watoto

Kukosa choo ni hali ya mtoto kwenda haja kubwa mara mbili au pungufu kwa wiki, au kutoa choo kigumu kwa maumivu. Kwa anayenyonya maziwa ya mama pekee hesabu hii haitumiki: akishapita wiki chache za mwanzo anaweza kukaa siku kadhaa, na kama choo kinatoka laini hana tatizo.

Kwa wengi hakuna ugonjwa. Mtoto aliyeumia mara moja huanza kubana. Kinyesi kikikaa katika utumbo mpana hufyonzwa maji, kikawa kigumu zaidi, naye akaumia tena. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, choo chenyewe kinaweza kuwa sababu ya kubana. Katika nyumba za Kiswahili zilizosalia kati ya maghorofa, wapangaji huchangia choo cha uani, na mtoto wa miaka mitatu huogopa giza na tundu lile. Poti chumbani, dakika chache kila baada ya mlo, husaidia kuliko kumgombeza.

Vyakula vya kulainisha viko jirani, sokoni: papai, embe kwa msimu wake, machungwa, ukwaju, mchicha, maharage. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwani mahindi ya sembe hukobolewa yakapoteza nyuzinyuzi. Bila maji ya kutosha, hasa katika joto la Januari na Februari, nyuzinyuzi hizo hazifui dafu. Maziwa ya ng'ombe yakizidi humshibisha mtoto akayakataa yote hayo. Asali haifai kabla ya mwaka mmoja.

Wapo wanaomwingiza mtoto kipande cha sabuni. Hufukuza choo kweli, lakini huunguza njia ya haja na kumzidishia hofu iliyomfanya abane. Kituo cha afya kinaweza kumpa laktulosi, dawa inayovuta maji utumboni. Isikatishwe choo cha kwanza kikitoka, maana utumbo uliotanuka hurudi taratibu, wiki hadi miezi. Uchafu mwepesi unaolowesha chupi kila mara unaweza kuwa kinyesi kinachopenya pembeni ya donge, na dawa ya kuzuia kuhara hapo hudhuru.

Kichanga asiyetoa choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 48, au mtoto anayevimba tumbo na kutapika matapishi ya kijani, apelekwe hospitali mara moja. Huenda ni ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo kipande cha utumbo hukosa neva. Tiba yake ni upasuaji, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, ina madaktari wa upasuaji wa watoto.